Shajara ya mradi: mudra za mikono kwa anayekaa kutafakari

Januari, mwanzoni

Kazi yenyewe ni mwongozo mdogo wa Kiswahili kuhusu mudra za mikono, yaani namna maalumu za kuweka viganja na vidole, wenye michoro na sauti, wa kumsaidia mtu anayefanya yoga au anayekaa kutafakari ajue mikono aiweke wapi, vidole vifanye nini, na kwa sababu gani. Nauandaa kwanza kwa ajili ya kikundi tunachofanya nacho mazoezi, kisha kwa yeyote mwingine atakayeuhitaji. Hautauzwa.

Haja imetoka kwenye mazoezi. Mikao ya mwili ikishakwisha na tukafika kwenye kutulia, swali linalorudi ni la mikono. Mgongo watu wanajua waufanyeje, miguu pia, macho pia, lakini mikono huwashinda: wanaikunja, wanaikunjua, wanachezea upindo wa nguo. Anayeonyeshwa namna ya kugusanisha gumba na kidole cha shahada hutulia upesi kuliko anayeambiwa "tulia". Nimeliona mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba lipo jambo la kweli hapo, na nataka kulieleza kwa ukubwa wake halisi.

Kilichonisukuma zaidi kuanza ni chumvi inayotiwa. Maelezo mengi ya mudra yanayosambaa yana ahadi nzito: kunja kidole hiki upone kisukari, kandamiza kile upungue unene, fanya hivi masikio yafunguke. Mtu mwenye maradhi ya kweli akiyasoma hayo anaweza kuchelewa kwenda hospitali. Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote nimeamua maneno yote ya mwongozo yatoke kwenye mafungu matatu: yaliyopokewa kwa mapokeo, yanayojulikana kuhusu mwili, na tuliyoyaona sisi wenyewe tukifanya. Msomaji atatambua kila mara yuko kwenye fungu lipi.

Januari, mwishoni

Asili ya mudra imenichukua muda mrefu, na muda huo umenilipa.

Vitabu vikongwe vya hatha yoga, yaani yoga ya mikao ya mwili na pumzi, havihangaiki sana na vidole. Hatha Yoga Pradipika ya Svatmarama, ya karne ya 15, inafundisha mudra 10 katika sura yake ya tatu, nazo ni kazi za mwili mzima: kufunga koo, kuvuta tumbo ndani, kuupindua mwili miguu ikae juu, kuurudisha ulimi nyuma hadi kwenye kaakaa. Gheranda Samhita, iliyoandikwa takriban karne mbili baadaye, inazifikisha 25. Humo mna ya kutuliza macho, na mna moja ambayo vidole hutumika kuziba masikio, macho, pua na mdomo. Chin mudra, ile ya gumba na kidole cha shahada ambayo leo imekuwa kama nembo ya yoga, haimo katika orodha hizo mbili.

Vidole vimekuja kwa njia nyingine. Njia moja ni ngoma na maigizo: Natya Shastra, ambayo mapokeo ya India yanainasibisha na Bharata, inaeleza ishara 24 za mkono mmoja na 13 za mikono miwili pamoja, na ya kwanza kati ya hizo 13 ni anjali, viganja viwili vilivyokutana. Njia nyingine ni sanamu. Sanamu za Buddha zinasomeka kwa mikono: mkono wa kulia ukigusa ardhi ni usiku aliopata mwamko huko Bodh Gaya, kiganja kilichoinuliwa kikitazama mbele kinamwambia mtu asiogope, mikono miwili iliyolazwa mapajani, mmoja juu ya mwenzake, ni taamuli. Njia ya tatu ni ibada za kitantra, zilizosafiri kutoka India hadi China na Japani. Huko Kukai, aliyeishi kati ya mwaka 774 na 835, alianzisha dhehebu la Shingon ambalo hufundisha kwamba mwili, kauli na nia hufanya kazi pamoja: mkono hushika mudra, mdomo hutamka mantra (maneno matakatifu yanayorudiwa), moyo nao hutazama kile kinachotafakariwa. Sanamu za Dainichi, Buddha mkuu wa dhehebu hilo, zina mudra inayonivutia kuliko zote kwa macho: kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimesimama, na ngumi ya mkono wa kulia imekizunguka.

Nimeamua historia hii ikae mwanzoni mwa mwongozo, kwa ufupi na bila kuficha. Mudra zina mizizi ndani ya dini, Uhindu na Ubuddha, na wapo wenzetu wenye imani nyingine ambao wana haki ya kulijua hilo kabla ya kukunja kidole. Anayeona anjali ni kitendo cha ibada ambacho dini yake haimruhusu, aiache. Mikono iliyolazwa mapajani itamfaa vilevile. Kumficha mtu asili ya kitu ili akikubali ni kumkosea heshima.

Februari

Kupunguza orodha. Mapokeo ya leo yana mudra za mikono nyingi mno, na nyingine zinatofautiana kwa pingili moja tu ya kidole. Mwongozo wenye zote utamchosha mtu kabla hajakaa.

Zilizobaki ni hizi: chin na jnana, chinmaya, adi, brahma, dhyana (ile ya mikono iliyolazwa mapajani, mmoja juu ya mwenzake), anjali, prana, na mfululizo wa vidole wa Kirtan Kriya. Chin na jnana nimeziweka pamoja kwa sababu vidole ni vilevile. Katika mafundisho ya Shule ya Yoga ya Bihar, iliyoanzishwa na Swami Satyananda Saraswati huko Munger mwaka 1963, kiganja kikitazama juu ni chin, kikitazama chini ni jnana. Kuna pia tofauti ya mguso: wengine hukutanisha ncha kwa ncha, wengine hukunja kidole cha shahada hadi ncha yake ifike shinani mwa gumba. Nimechora namna zote mbili.

Nilizoziacha nimeziacha kwa sababu. Shunya, ya kukandamiza kidole cha kati chini ya gumba, inatangazwa kuwa dawa ya masikio. Surya, ya kidole cha pete, inatangazwa kuwa inayeyusha mafuta. Apana vayu ndiyo iliyonitia hofu, kwa sababu inasemwa inaweza kumwokoa mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo. Mtu mwenye maumivu ya kifua yanayombana, yanayoelekea begani au tayani, anahitaji kufikishwa hospitali mara moja; kila dakika anayokaa akipanga vidole ni dakika ya misuli ya moyo inayokosa damu. Mudra hiyo haitaingia hata kwa tahadhari, na sentensi hii kuhusu moyo itaingia.

Ahadi hizi za tiba hujengwa juu ya nadharia ya elementi tano, kila kidole na elementi yake. Mpango unaonukuliwa mara nyingi ni huu: gumba moto, shahada hewa, cha kati anga, cha pete ardhi, cha mwisho maji. Lakini upo mpango mwingine, unaofundishwa na baadhi ya watu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, ambao gumba ni anga, shahada hewa, cha kati moto, cha pete maji, cha mwisho ardhi. Ukiilinganisha, inakubaliana kwenye kidole cha shahada peke yake. Anayemwambia mgonjwa kwamba kidole cha pete "huongeza ardhi" mwilini na anayesema "huongeza maji" hawawezi wote wawili kuwa wanaeleza jinsi mwili unavyofanya kazi. Kama lugha ya kutafakari, mipango yote miwili ina uzuri wake, na mtu anaweza kukaa na wazo la moto au maji likamfaa. Nimeieleza hivyo kwenye ukurasa mmoja na kuendelea.

Machi

Huu ndio mwezi niliousubiri, mwezi wa pumzi.

Baadhi ya shule za yoga za India hufundisha mudra nne kama ngazi ya kupumua. Chin mudra hupeleka pumzi chini, tumboni. Chinmaya, ambapo gumba na shahada vinabaki vimegusana na vidole vitatu vilivyosalia vinakunjwa viganjani, huipeleka katikati ya kifua, kwenye mbavu. Adi, gumba likiwa ndani ya ngumi laini, huipeleka juu, karibu na mitulinga. Zote tatu mikono hulala mapajani. Kisha brahma: ngumi zilezile hukutanishwa vifundo kwa vifundo mbele ya kitovu, na pumzi hujaza sehemu zote tatu kwa mfululizo.

Kati ya madai yote ya mudra hili nililipenda tangu mwanzo, kwa kuwa linapimika na mtu yeyote mwenye mikono na mbavu. Tulilifanya wawili wawili: mmoja anakaa na kupumua, mwenzake nyuma yake ameweka viganja ubavuni, kisha kiunoni, akisikiliza mwili unatanuka wapi. Baadhi yao nilikuwa nimewaeleza mapema pumzi inatakiwa kwenda wapi. Wengine niliwaonyesha vidole tu, bila maelezo.

Waliojua walihisi sawasawa na walivyoambiwa, na mikono ya wenzao ilithibitisha. Wasiojua walitofautiana. Brahma ilikuwa wazi karibu kwa kila mtu: mbavu zilifunguka pembeni na pumzi ikawa ndefu. Adi ilileta mabega juu kwa baadhi yao. Kati ya chin na chinmaya wengi wao hawakuona tofauti.

Hili si utafiti na halitaandikwa kama utafiti. Lakini limenisaidia kuuandika ukurasa wa pumzi kwa uaminifu. Kwenye brahma kuna sababu ya wazi ya kimwili: ngumi zikikaa mbele ya kitovu, viwiko vinatoka nje, mikono inaacha kuzibana mbavu, na kifua kinapata nafasi ya kutanuka kwa pembeni. Kwenye adi, mtu akikaza ngumi kidogo zaidi ya inavyotakiwa, mkazo hupanda mkononi hadi begani. Kiganja nacho kikigeuzwa kutazama juu, mkono wa juu huzunguka kidogo kwenda nje na bega hurudi nyuma. Hizo ni kazi za mifupa na misuli. Kwa chin na chinmaya, nionavyo mimi, kinachoongoza pumzi zaidi ni nia: vidole vinamkumbusha mtu sehemu aliyoamua kuipumua. Kumbukumbu hiyo ni kitu chenye thamani. Kumfundisha mtu anayepumua kwa juu juu siku nzima arudi tumboni ni kazi ngumu, na akipata alama mkononi ya kurudi, nusu ya kazi imefanyika.

Nimeongeza hapa habari moja ya pumzi ambayo kila anayetafakari angefaidika kuijua. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, na wakitamka mantra ya yoga. Vyote viwili viliishusha kasi ya kupumua hadi kama pumzi 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo na shinikizo la damu vikaanza kupanda na kushuka kwa mpangilio mmoja na pumzi. Hapakuwa na mudra hapo. Ninaitaja ili mtu anayemaliza kukaa na kujisikia amepoa ajue kwamba sehemu kubwa ya utulivu huo huenda imetoka kwenye pumzi yake iliyopungua mwendo, na kwamba mkono ulisaidia kwa kumweka pale muda wa kutosha.

Machi, mwishoni

Yupo mama mmoja katika kikundi, mtu mzima, mwenye baridi yabisi kwenye vidole. Tulipofika kwenye prana mudra, ambayo kidole cha pete na cha mwisho vinakutana na gumba, aliinua mkono akasema, "Mwanangu, hiki cha mwisho hakifiki. Nikikilazimisha kinaniuma hadi kiwikoni." Nikamwambia, "Basi mama, kisogelee tu, usikiguse. Kiache njiani." Alikaa hivyo, vidole vikitazamana pasipo kukutana, na baadaye akaniambia kwamba katika nafasi ile ndogo alikuwa akisikia joto, na kwamba alibaki nalo mpaka mwisho.

Ukurasa mzima umezaliwa hapo, na naona ni wa lazima kuliko kurasa za historia. Vidole havijaumbwa kwenda kila kimoja peke yake. Misuli inayokunja ncha za kidole cha kati, cha pete na cha mwisho imeungana huko kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na kano zinazonyoosha vidole zimefungamana nyuma ya kiganja, ndiyo maana kidole cha pete huwa kizito kuinuka wenzake wakiwa wamelala. Kwa hiyo anayeshindwa kunyoosha kidole kimoja na kukunja kingine hana kasoro yoyote, na mkono wenye afya kabisa unaweza kugoma.

Maelekezo niliyoyaandika: mguso uwe mwepesi, kiasi cha kushika karatasi isidondoke. Kucha zisigeuke nyeupe. Kifundo cha mkono kikae kimenyooka, kisining'inie nje ya goti, kwa sababu kukipinda muda mrefu kunabana neva inayopita pale na kuleta ganzi kwenye gumba na vidole vya jirani. Ganzi ikija, fungua mkono. Mwenye viungo vilivyovimba asogeze kidole bila kugusisha, au alaze mkono mmoja juu ya mwingine. Anayetumia mkono mmoja afanye kwa huo mmoja. Mto mdogo chini ya mikono unawasaidia wenye mikono mifupi kuliko kiwiliwili, ambao bila mto hujikuta wameinama.

Aprili

Nimekaa muda mrefu na swali la kwa nini mguso mdogo namna hii unashika akili.

Mkono mmoja una mifupa 27. Mikono miwili ina 54 kati ya mifupa 206 ya mtu mzima, zaidi ya robo. Mwaka 1937 Wilder Penfield na Edwin Boldrey walichapisha ramani ya gamba la ubongo waliyoipata kwa kugusisha umeme hafifu kwenye ubongo wa wagonjwa waliokuwa macho wakati wa upasuaji. Mkono na uso vilikuwa na eneo kubwa kupita kiasi ukilinganisha na mgongo au paja. Na mwaka 1979 Roland Johansson na Åke Vallbo walikadiria kwamba ngozi ya upande wa kiganja ina vipokezi vya mguso kama 17,000, vilivyosongamana zaidi kwenye ncha za vidole.

Kinachonigusa zaidi ni tabia ya vipokezi hivyo. Baadhi yake huendelea kutoa taarifa muda wote mguso unapokuwepo. Vingine hutoa taarifa mguso unapoanza na unapobadilika, kisha hunyamaza. Mtu akikaa kimya na ncha mbili zimegusana, baada ya muda mguso hufifia na inakuwa kama vidole vimeyeyuka kuwa kitu kimoja. Wengi katika kikundi wamelitaja hilo bila kuulizwa. Lakini mguso ukilegea hata kidogo, taarifa inarudi ghafla. Akili ikizurura, mkono huzurura nayo: gumba linateleza, duara linafunguka, na mabadiliko hayo madogo yanamrudisha mwenyewe.

Walimu wa Zen, tawi la Ubuddha, wamelijua hili kwa karne nyingi kwa njia ya kutazama. Katika maelekezo ya zazen, yaani kukaa kutafakari, aliyoyaandika mtawa Dogen aliporejea Japani kutoka China, karibu na mwaka 1227, mkono wa kushoto hulazwa juu ya ule wa kulia na ncha za magumba hugusana kidogo. Mafundisho yaliyofuata husema magumba yasiwe mlima wala bonde. Mtu akikaza nia kupita kiasi, magumba husukumana yakapanda mlima. Akisinzia, yanashuka bondeni au yanaachana. Mwalimu anayepita nyuma ya waliokaa husoma hali ya akili ya kila mmoja kwa kutazama magumba, na aliyekaa anaweza kujisomea mwenyewe.

Kwangu hapa ndipo ulipo moyo wa mradi. Mudra ni mahali pa kuweka usikivu, na wakati huohuo ni kipimo kinachoonyesha usikivu umeondoka. Pumzi inaweza kufanya kazi hiyo pia, lakini pumzi huwatia wasiwasi baadhi ya watu. Wapo ambao wakiifuatilia huanza kuhisi inakatika. Mkono hauna tatizo hilo. Uko mbali na kifua na hautishi, na mtu anaweza kuuhisi hata akiwa na hofu. Wenzangu wawili wanaosumbuliwa na wasiwasi wameniambia kwamba dhyana ndiyo iliyowawezesha kukaa, na nimeamua iwe mudra ya kwanza katika mwongozo, chin ifuate.

(Kwa upande wa India, sanamu nyingi za dhyana zina mkono wa kulia juu. Nimechora zote mbili, na kuandika kwamba mtu achague mmoja aubakie, ili mwili uuzoee.)

Mei

Kirtan Kriya. Ni zoezi lililotoka kwenye Kundalini Yoga, aina ya yoga, kama ilivyofundishwa na mwalimu Yogi Bhajan. Gumba hugusa vidole vinne kimoja kimoja huku mtu akitamka silabi moja kwa kila kidole: *sa* kwa shahada, *ta* kwa cha kati, *na* kwa cha pete, *ma* kwa cha mwisho, halafu anaanza tena. Namna ya dakika 12 imepangwa hivi: dakika 2 kwa sauti, 2 kwa kunong'ona, 4 kimya moyoni vidole vikiendelea, kisha 2 za kunong'ona na 2 za sauti.

Nimeiingiza kwa ajili ya wale ambao kukaa bila kitu chochote kinachosogea ni adhabu kwao. Pia ni zoezi la vidole ambalo limefanyiwa utafiti. Mwaka 2013 Helen Lavretsky na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha matokeo ya watu wanaowauguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau. Waliofanya zoezi hili dakika 12 kila siku kwa wiki 8 walipungukiwa na dalili za sonona zaidi kuliko waliosikiliza muziki wa kutuliza kwa muda uleule. Kundi lilikuwa dogo. Na zoezi lina sauti, mpangilio wa muda, mawazo na vidole kwa pamoja, kwa hiyo haliwezi kutuambia vidole peke yake vilichangia kiasi gani. Nimeandika hivyo hivyo.

Nikiwatazama wenzangu wakilifanya, sehemu inayowapa kazi ni zile dakika 4 za kimya. Sauti ikiondoka, kinachobaki kushika mwendo ni vidole tu. Wengi huongeza kasi bila kujua. Kwenye rekodi nimeweka kengele laini mwanzoni na mwishoni mwa kimya hicho, bila neno lolote katikati.

Juni

Kurekodi sauti. Rasimu ya mwisho ya dhyana, iliyopitishwa na kikundi baada ya kufutwa maneno mengi, ni hii:

*Kaa unavyoweza, sakafuni au kwenye kiti. Laza mkono mmoja mapajani, kiganja kikitazama juu. Laza wa pili juu yake. Sogeza magumba mpaka ncha zikutane, kwa wepesi. Viwiko viache mbali kidogo na mbavu. Sasa sikia pale magumba yanapogusana. Hapo tu. Pumzi itajiendea yenyewe. Ukiona magumba yameachana, yakutanishe tena, bila kujilaumu. Yakisukumana, yalegeze.*

Baada ya hapo ni kimya. Toleo la awali lilikuwa na maelezo juu ya nishati kuzunguka mwilini, na mmoja wa wenzangu, ambaye ni muuguzi, aliuliza kwa upole kama maneno yale yako fungu la mapokeo au fungu la mwili. Yako fungu la mapokeo, kwa hiyo yamehamia kwenye maandishi, yakitajwa kama mafundisho ya prana, yaani nguvu ya uhai. Sautini nimebakiza yale tu ambayo msikilizaji anaweza kuyahisi wakati huohuo.

Michoro imekamilika isipokuwa chinmaya. Vidole vitatu vilivyokunjwa vinaficha mahali gumba na shahada vinapokutana, na mchoro mmoja hautoshi. Utahitaji kuonekana kutoka juu na kutoka upande wa gumba. Mkono uliochorwa kwenye ukurasa wa viungo vilivyovimba ni wa yule mama, kwa ridhaa yake.

Julai

Hali ilivyo: kurasa za asili, dhyana, chin na jnana, adi, brahma, anjali, prana na viungo vyenye maumivu zimekwisha. Ukurasa wa pumzi umepitiwa na muuguzi wetu, akaongeza kwamba mjamzito na mwenye tatizo la moyo au mapafu wasizuie pumzi katika brahma, wapumue tu kwa kawaida yao. Sauti za dhyana na Kirtan Kriya ziko tayari.

Bado ni mchoro wa chinmaya, sauti ya ngazi ya pumzi, na jaribio la kuwapa mwongozo watu ambao hawajawahi kufanya yoga wala kukaa na mwalimu yeyote. Nataka kuona wanaelewa nini kutoka kwenye michoro peke yake kabla sijawasemesha. Wale watakaokaza vidole watanionyesha mahali ambapo mstari wa mchoro ni mzito mno, na hapo nitachora upya.